Nyota Tuliyoifuata Hadi Lindi

Jumatano moja asubuhi, miezi michache kabla vita havijatufikia, Tonton Radjabu alichora mbingu ubaoni. Alikuwa kaka wa mama na mwalimu wetu wa jiografia katika shule moja ya Makiso, mjini Kisangani. Kitabu kilikuwa kimoja tu, chake, kilichochapishwa Ubelgiji na kushonwa upya kwa uzi wa mfuko wa mchele. Alinakili nyota saba zenye umbo la sufuria, na juu kabisa nyota ya kaskazini. Hiyo, alisema, inasimama juu na haihami. Nyingine zote zinaizunguka.

Mwenzetu wa nyuma akauliza kwa nini yeye hajawahi kuiona.

"Kwa sababu usiku unaangaliaka masanga," Tonton akamjibu, "hauangaliake mbingu."

Tulicheka, maana yule jamaa na chupa yake ya bia tuliwajua. Hakuna aliyeuliza nyota hiyo ingesimama wapi Kisangani, mji uliokaa karibu kabisa na ikweta.

Kisha askari wa serikali wakaanza kurudi nyuma kutoka mashariki, wakipora njiani. Maduka ya dawa yakabaki rafu tupu. Wiki hiyo hiyo mama alishikwa na malaria, akawa anatapika kila kidonge. Mdogo wa mama na Tonton, Mwayuma, alikuwa muuguzi katika kijiji cha kaskazini, ng'ambo ya mto Lindi, na alikuwa na kinini ya kutundika, dawa ya malaria inayopita mshipani bila kutapikwa. Akatuma habari: mtumbwi utatungoja kivukoni hadi alfajiri. Kukikucha mwenye mtumbwi atauficha porini, askari wasiuchukue.

Barabara ilikuwa yao. Ilitubidi tupite upande wa kushoto, katika mashamba ya kahawa yaliyoachwa, mama akiwa nyuma ya baiskeli ya toleka, ile ya kubebea abiria, amefungwa kwa kitenge asianguke. Giza lilipoingia, Tonton alisimama uwanjani akatazama kaskazini. Nyota moja kali ilikuwa pale, juu kama ilivyokuwa ubaoni.

"Iko ile," akasema.

Tukaondoka. Yeye alishika usukani, mimi nilisukuma.

Mara ya kwanza lori lilipopita, tuliilaza baiskeli pamoja na mama. Taa zilifagia majani juu yetu. Askari walikuwa wanaongea Kilingala, mmoja anacheka.

Mama hakukohoa.

Tuliendelea. Kila tulipofika penye uwazi Tonton alitafuta nyota, na sisi tukageuka kuielekea. Sauti za barabarani zikapungua. Nilishukuru, kwanza. Halafu nikatambua kwamba nyota ilikuwa imeshuka, na kwamba zile saba za sufuria, zilizokuwa zikichomoza kulia kwetu, sasa zilikuwa juu, mbali nayo kabisa.

"Tonton, ile nyota imetembea."

"Nyota ya kaskazini haitembeake. Ni siye tuko natembea. Sukuma, mutoto."

Nilisukuma. Kwetu mjomba hasahihishwi mara mbili, sembuse mjomba ambaye ndiye mwalimu wako.

Kabla ya kukucha ilizama nyuma ya miti, na sisi tukayafikia maji. Ulikuwa Lindi kweli, ila hapakuwa na kivuko. Tulikuwa tumepinda magharibi usiku kucha.

Tukaupanda mto kuelekea kivukoni, tukifuata ukingo, katika matope yaliyomeza magurudumu. Tulitupa baiskeli. Tonton alimbeba dada yake mgongoni.

Jua lilipokuwa kichwani mama aliacha kuomba maji.

Tulimzika hapo hapo, kwa jembe la kuazima kwa mvuvi mmoja. Tonton alisoma dua, akakosea, akaanza upya.

Tangu hapo sijakaa mahali pamoja miaka mitatu. Nimeishi Bunia, Juba, Khartoum, Cairo. Ukienda kaskazini nyota ile ya kweli inapanda, mji kwa mji. Cairo niliiona wazi, ndogo kuliko nilivyotarajia. Ukiwa Kisangani inalala kwenye upeo, miguuni pa miti, haionekani. Jirani yangu, baharia mstaafu, alinieleza kwamba hata hiyo huzunguka kidogo, na kwamba zamani sana nyota nyingine ilishika nafasi yake. Alidhani ananifurahisha.

Mwaka jana nilirudi. Tonton amezeeka, hakuwahi kufundisha jiografia tena. Aliniuliza kama nimeiona, na kama inakaa juu. Nikamwambia kule Cairo inakaa juu, na hapa kwetu inakaa chini.

"Basi ilikuwa mimi niliyetupoteza," akasema.

"Nilikuambia mara moja tu, Tonton. Nilipaswa kurudilia."

"Kama ungerudilia ningekupiga."

"Najua," nikamwambia. "Ungenipiga, halafu ungeangalia juu tena."