Redio Isiyokohoa

Kwenye duka moja Thika nilikokuwa nikingoja kuhudumiwa, mama wa makamo alikuwa akichagua redio ndogo ya mfukoni. Muuzaji alipoweka muziki, mama alitikisa kichwa.

"Nitafutie wanaume wakiongea."

"Habari ama mpira, mama?"

"Yoyote, bora ni mwanaume." Aliificha redio nyuma ya pazia la stoo, akaenda mlangoni, akasikiliza, mkono ukiwa kifuani. "Tangu tumzike mzee wangu, kuna watu hujaribu mlango wangu huko Kiganjo. Nataka wasikie kuna mtu."

Muuzaji alikuna shingo. "Lakini redio haikohoi, mama."

Aliinunua hivyo hivyo.

Mimi pia hukaa Kiganjo. Nikirudi jioni hiyo, nilisikia wanaume wakiongea nyuma ya milango mingi. Nilisimama, nikisubiri hata mmoja akohoe.