Chapati za Maji Kabla ya Majivu

Kila kipande kilipofika mdomoni mwa mzee, mama mtunzaji naye alipanua kinywa chake kidogo, asikifumbe mpaka mzee ameze. Jacqueline, binti wa mzee, aliwatazama kutoka mlango wa jiko. Daktari alikwisha kuonya kwamba koo la baba limechoka, apewe uji tu. Lakini kesho ni Jumatano ya Majivu, na baba hajapata kuingia Kwaresima bila kula chapati za maji. Mtunzaji alizikata vipande vya ukubwa wa ukucha, akavilowesha kwenye uji, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikiwa shingoni mwa mzee, vinasikiliza.

"Meza kwanza, Papa. Hakuna mtu anakukimbiza," mtunzaji akamwambia.

Mara mzee akapaliwa. Macho yakamtoka. Mtunzaji akamwinamisha, akampiga mgongoni kwa kiganja, tena na tena, mpaka kipande kikaruka sakafuni. Mzee akahema, akafuta machozi, akaitazama sahani.

"Ongeza," akasema.

Jacqueline alitaka kukataa, lakini akainama kuokota kile kipande sakafuni. Mtunzaji akakata kingine, kidogo kuliko vyote, na kwa mara ya kwanza kisu kikagongagonga sahani.