Sampuli ya Mtu Mmoja

Bi Chaki aliwadharau watafiti kabla hajajua kwamba siku moja naye ataitwa mtafiti. Alifundisha darasa la pili katika shule yetu kwa miaka ishirini na mitatu, mkono wa kulia wa gauni lake umejaa vumbi jeupe, mpaka jina lake halisi likasahaulika. Katika miaka hiyo aliwaona wengi: vijana wenye mikoba ya begani, wanaingia chumba cha walimu saa ya mapumziko, wanagawa hojaji za kurasa sita, wanashukuru kwa ushirikiano, na hao, hawaonekani tena.

"Ni mvua ya mawe hao," aliniambia. "Kelele juu ya bati, na kisima hakijai."

Hojaji zao alizijaza kwa dakika mbili. Kila swali alitia alama penye "Sina hakika", akarudi kusahihisha madaftari.

Kisha ukaja waraka kwamba mwalimu asiye na shahada ya uzamili asijisumbue kuomba cheo cha mwalimu mkuu. Bi Chaki alikuwa na miaka arobaini na saba, na walimu wakuu wanne walikuwa wamejifunzia kazi mikononi mwake. Mumewe, fundi saa asiye na maneno mengi, alimwambia, "Nenda tu. Usipokwenda, tutakaosumbuka ni sisi." Akajiandikisha chuoni, masomo ya Jumamosi, na somo la kwanza likawa mbinu za utafiti wa elimu. Mimi nilifundisha darasa la jirani, ukuta mmoja tu ulitutenga, kwa hiyo kila Jumatatu nilipata habari zote moto moto.

Mhadhiri wao alikuwa daktari wa falsafa. Bi Chaki alimbandika jina la Daktari Slaidi, kwa sababu aliwapa wanafunzi mgongo akasoma kilichomulikwa ukutani neno kwa neno, na umeme ulipokatika alinyamaza kama redio. Jumamosi ya tatu alisoma kwamba kila utafiti lazima uwe na nadharia tete.

"Kama ni tete, Daktari," Bi Chaki aliuliza, "mbona tunaijengea nyumba ya kurasa mia?"

Darasa likacheka. Daktari alisema maswali ni mwisho wa kipindi, na siku hiyo mwisho wa kipindi alikuwa na haraka.

Kiti cha mbele kabisa kilikuwa cha mkaguzi mmoja wa shule, tai imenyooka, viatu vinang'aa, mtu ambaye hakuwa ameshika chaki kwa miaka kumi na moja lakini alizunguka akiwafundisha wengine namna ya kuishika. Utafiti wake ulihusu ushirikiano wa wazazi na ufaulu wa watoto. Hojaji mia mbili. Asubuhi moja Bi Chaki alifika kantini mapema akamkuta peke yake na rundo lake, kalamu nne za rangi mbalimbali, anajaza. Nyingine alizijaza kwa mkono wa kushoto.

"Mheshimiwa," Bi Chaki alimwambia, "huyo mzazi ana mwandiko mbaya."

Mkaguzi hakushtuka hata kidogo. Alimvutia kiti. "Keti, mwalimu. Unajua kuzungusha karatasi mia mbili ni kazi gani? Na ukizizungusha, unadhani watu wanasoma? Wanatia tiki popote ili uondoke. Mimi nawapunguzia usumbufu."

Bi Chaki alitaka kumtolea uvivu, akakosa pa kuanzia, maana alizikumbuka "Sina hakika" zake zote.

"Mtu hovyo kabisa," aliniambia Jumatatu. "Na kwa uhovyo wake wote kanichoma palepale."

Yeye nadharia yake alikuwa nayo siku nyingi, na wala haikuwa tete: mtoto anayemaliza darasa la pili hajui kusoma ana mzazi asiyejali. Alikusudia kuwahoji wazazi hao awaumbue kwa maandishi. Lakini Daktari Slaidi alidai zana mbili za kukusanyia taarifa, si moja. Ya pili ikawa jedwali la kushuhudia somo, yaani ramani ya madawati, na kijistari kwa kila swali ambalo mwalimu anamwuliza mtoto.

"Upuuzi mtupu," alisema. "Lakini wewe, mdogo wangu, saa tatu huna kipindi. Njoo ukae nyuma unichoree hivyo vijistari. Siku kumi tu, nimzibe mdomo yule bwana."

Nikakaa kwenye benchi la watoto, magoti yakinigusa kidevu. Watoto walikuwa hamsini na wanane. Bi Chaki alifundisha vizuri, nisimsingizie. Alisimama karibu na mlango kwenye mwanga, akauliza, akajibiwa, akasifu, somo likaenda kama maji. Mimi nilichora. Siku ya pili nikaanza pia kuchora kiduara kwa kila mtoto anayenyosha mkono asiitwe. Hilo hakuniagiza, nilifanya kwa kuchoka kukaa bure.

Siku ya kumi watoto walipoondoka tulitandaza karatasi mezani tukajumlisha. Robo tatu ya maswali yote yalikuwa yamekwenda kwa watoto tisa, wote wa mbele na wa upande wa mlango. Watoto ishirini na mmoja hawakuulizwa hata mara moja kwa siku kumi.

"Ulisinzia," alisema.

"Sikusinzia, dada."

"Basi ulikosea safu."

"Hesabu mwenyewe."

Alihesabu mara tatu. Kisha akaniamuru nirudi siku tatu zaidi. Safari hii alijua ninachohesabu, akajitahidi, jasho likamtoka. Bado kumi na saba walibaki wakavu.

Penye dawati la kando ya kabati nilikuwa nimechora viduara thelathini na kimoja, bila kijistari. Alikaa hapo msichana mdogo ambaye Bi Chaki alikwisha kumwandika kwenye orodha ya watoto wa wazazi wasiojali. Kesho yake saa ya mapumziko alimwita, mimi nikiwepo.

"Kwa nini hunyoshi mkono darasani?"

Mtoto akatazama viatu vyake. "Nanyosha, mwalimu."

"Lini?"

"Kila siku. Siku hizi nanyosha kidogo tu. Mkono unachoka."

Bi Chaki alimwambia akacheze. Kisha akafungua kabati akaanza kupanga vitabu vilivyokuwa vimepangwa. Alivipanga mpaka kengele.

Aliwatupa wazazi, akaandika tasnifu kuhusu mwalimu mmoja wa darasa la pili ambaye hakuwaona watoto ishirini na mmoja, na akasema wazi kwamba mwalimu huyo ni yeye. Daktari Slaidi aliisoma kurasa nne.

"Mtafiti hawezi kuwa mtafitiwa," alimwambia. "Na sampuli ya mtu mmoja si utafiti. Ni hadithi."

"Watoto ni hamsini na wanane, Daktari."

"Ninamzungumzia mwalimu."

"Na mimi ninamzungumzia huyohuyo."

Akaambiwa arudi kwa wazazi. Hakurudi.

Siku ya kuwasilisha, mkaguzi alisimama na chati zake za rangi. Asilimia sabini na nane nukta tano ya wazazi, alisema, wanakubali sana. Bi Chaki akanyosha mkono, na kwa kuwa alikaa mbele safari hii, akaitwa.

"Katika wazazi hao mia mbili, mheshimiwa, nitajie mmoja tu. Ulimkuta anafanya nini?"

Mkaguzi akanywa maji. Daktari Slaidi akasema swali hilo halihusiani na mbinu, na makofi yakapigwa. Mkaguzi alipata alama za juu kuliko wote, na kabla mwaka haujaisha alipewa meza makao makuu, katika kitengo cha utafiti. Sasa watu wazima wenye akili timamu wanasoma zile tiki za mkono wa kushoto, kisha wanatuandikia namna ya kufundisha.

Bi Chaki naye alifaulu, kwa alama ya mwisho kabisa, kwa sababu mtahini wa pili kutoka chuo kingine alisoma tasnifu yote na kukataa kumwangusha. Ualimu mkuu walimpa mwingine. Aliposikia, alichekea puani akaendelea kufuta ubao.

Ramani ya madawati aliibandika ndani ya mlango wa kabati, na kila baada ya somo aliitilia alama kwa penseli. Mwisho wa mwaka, katika wale ishirini na mmoja, kumi na watatu walijua kusoma. Wanane hawakujua. Aliwafuata nyumbani kwao mmoja mmoja, akarudi na kunitangazia, bila kuficha kuridhika kwake, kwamba wazazi wawili kati yao kweli hawajali.

Mwaka uliofuata aliniuliza, kwa upole ambao si wake, kama anaweza kuja kukaa nyuma ya darasa langu na karatasi yake. Nilimwambia ratiba yangu imebana. Haikubana. Alinitazama kama alivyokuwa akiwatazama vijana wa mikoba, akaenda zake darasani. Ilinichukua mihula miwili kumfungulia mlango.