Mgomo wa Marefa Watatu

Katika ligi yetu ya wilaya, refa husafiri na timu ngeni. Si sheria, ni kwamba gari ni moja tu, na gari lenyewe ni la timu ngeni. Asubuhi unasimama kando ya barabara kuu, lori linakuja, unapanda pamoja na wachezaji na ngoma zao. Mkifika, wenyeji wanakuona unashuka na wapinzani wao, basi hujapuliza hata mara moja umeshahongwa. Wakati wa kurudi mambo hugeuka: wageni wakifungwa, wewe ndiye uliyewafunga, na nafasi kwenye lori huna. Mimi nilishateremshwa njia panda ya Pande, filimbi ingali shingoni. Dereva alinipungia mkono kwa adabu kabisa.

Ndiyo maana tukagoma. Tulikuwa watatu: mimi, mwalimu wa shule ya msingi, na washika vibendera wangu wawili, fundi cherehani na muuza samaki. Dai letu lilikuwa moja, gari la marefa, japo iwe bajaji. Barua niliiandika mimi, kwa Kiswahili kizito cha kutisha, na nikaapa mbele ya wenzangu kwamba hatutachezesha mpaka kamati ya ligi ijibu. Tukachagua kuanza na mechi ya Somanga ugenini Kiswere.

Tatizo ni kwamba mgomo wa refa aliyebaki nyumbani haumuumi mtu. Wangesema tumeachwa na gari. Ilitubidi tukagomee uwanjani. Basi tukapanda lori la Somanga kwenda kulalamikia lori la Somanga.

Tulikaa pembeni kwenye benchi la shule, tumevaa nguo za nyumbani na sura za msiba. Nilitarajia vurugu, tena nilizitamani. Manahodha wakateta kidogo, wakakubaliana kwamba atakayecheza rafu anyooshe mkono mwenyewe. Wakanyoosha kweli. Kijana anamkwatua mwenzake, ananyoosha mkono, anamwinua, mpira unaendelea. Zaidi ya saa nzima hakuna mama wa mtu aliyetajwa. Niliona wivu, nasema kweli. Miaka yote ile nilidhani kazi yangu ni kuzuia fujo, sasa nikaanza kushuku kwamba fujo yenyewe nilikuwa naenda nayo mimi.

Kisha mshambuliaji wa Somanga akausukumia mpira wavuni kwa mkono. Huo hakuunyoosha.

Wakaanza kusukumana. Nahodha wa Kiswere akatujia pale kwenye benchi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Wewe umeona."

"Sisi tumegoma."

"Hatukwambii uchezeshe. Sema tu ulichoona."

Fundi cherehani akaninong'oneza, "Bwana, ukisema tu, umeshachezesha. Nyamaza."

Alisema kweli, nami nilijua kwamba jibu langu lingeiua barua yetu. Ningeweza kusema leo kwamba niliogopa vijana wataumizana, na kipa kweli alishang'oa mti wa kona. Lakini sababu haikuwa hiyo. Niliuona ule mkono, nikaona hakuna aliyeuona vizuri kama mimi. Filimbi ilikuwa mfukoni kwa mazoea. Nikapuliza.

"Mkono. Hakuna goli."

Mechi niliimalizia kwa suruali ya kitambaa na kandambili. Kiswere walipata bao la halali mwishoni, nikatukaniwa mama mara mbili, moyo wangu ukatulia. Wenzangu waliogoma mpaka mwisho walirudi na lori, wamekalishwa mbele na dereva. Mimi nilibaki Kiswere kwa mwalimu mwenzangu.

Jibu la kamati lilikuja wiki ileile. Walinipongeza kwa moyo wa kujitolea, wakaongeza kwamba, kwa kuwa mechi ilichezeshwa hadi mwisho, wameridhika kuwa usafiri uliopo unatosha. Fundi cherehani aliisoma barua hiyo kwa sauti kwenye kikao chetu, taratibu, neno kwa neno. Alipomaliza akaikunja, akanikabidhi.

"Hii ni yako, mwalimu," akasema.