Kahawa Iliyogoma Kushuka

Fundi mahema amewashonea mahema watu wa kila aina, ila mama mkwe wake hajawahi kukanyaga hata moja. Safari hii mkewe alimbembeleza mama yake mpaka akakubali kuja kupiga kambi nao kando ya mto. Akaja. Akalitazama hema, akalibinya kwa vidole viwili, akaenda kulala garini.

"Mimi silali ndani ya nguo," alisema. "Mvua ikinyesha nitaamka naelea."

Fundi alikosa usingizi kwa uchungu. Hema lile la kulala wote watatu alilishona makusudi kwa ajili ya yule mama, na dharau ile ilimuuma kweli. Asubuhi akajiapiza kumpikia kahawa ya kumlainisha moyo, ili jioni akubali kulala hemani. Kwa kahawa, bibi yule haambiliki.

Akapanga mawe matatu, akakoka moto, akabandika sufuria. Kahawa ikachemka, harufu ikatapakaa, kioo cha gari kikashuka kidogo. Ndipo akakumbuka kwamba kichujio kimebaki nyumbani, kimening'inia jikoni, kinakula raha.

"Iepue, iache itulie, mashapo yatazama," mkewe alimwambia. "Au inyunyizie maji baridi."

"Mama yako akikuta punje moja kwenye jino, tumekwisha!"

Akachomoa kipande cha kitambaa kwenye mkoba wake wa kazi, akakifunga kwa kamba mdomoni mwa birika, akamimina. Kahawa ikakaa juu. Akaipuliza. Akaisukuma kwa kijiko. Akalipigapiga birika mgongoni kama mtoto anayecheulishwa. Hata tone halikushuka.

"Baba watoto," mkewe akasema, ameshakaa chini kwa kicheko, "unachuja kahawa kwa turubai la hema?"

Fundi akatoa sindano ili akitoboe. Mkono ukakataa. Maisha yake yote kazi yake ni kuziba matundu. Kutoboa turubai zima hakuweza, akabaki ameduwaa na sindano yake hewani.

Mlango wa gari ukafunguka. Mama mkwe akaja, akakiangalia kile kidimbwi cha kahawa. Akafungua kamba, akakiinua kitambaa kwa pembe zake na kahawa yake ndani, akapitisha kiganja chini. Pakavu kabisa.

"Hema umelishona kwa hiki hiki?"

"Hiki hiki, mama. Nisamehe, kahawa nita..."

"Hebu nyamaza."

Akainywa pale pale kwenye kitambaa, na mashapo yake, akatema pembeni, akakunja uso. Kisha akageuka kwenda garini. Fundi akajua wanarudi nyumbani.

Lakini bibi akatokea amekumbatia mto na mablanketi, akaingia hemani moja kwa moja.

"Mwanangu," alisema kutoka ndani huku akivuta zipu, "nyie garini mtalala vizuri tu."

Fundi akafurahi hadi machozi, kumbe ndiyo kwanza kafukuzwa kwenye hema lake.