Niliandika humu kuwa maziwa yanatosha badala ya maji, Kakesio ikanijibu

Wakuu, heshima kwenu. Ninachoandika hapa hakina chumvi, na wa Karatu wenzangu mpo humu mnaweza kunirekebisha.

Kuna uzi ulipita ukiuliza kama kuna kitu kinachoweza kuchukua nafasi ya maji kwa kiumbe hai. Mmoja akaleta amonia, mwingine methane ya sayari za mbali huko. Mimi mjuaji nikaandika: acheni sayansi za kwenye simu, nendeni Kakesio mkaone watu wanaishi kwa maziwa na bado wanawazidi mbio.

Nilipata likes za kutosha. Leo natamani ile comment ifutike.

Iko hivi.

Mimi ni Mwiraqw wa Rhotia, nalima mahindi na maharage. Nina rafiki yangu Saning'o, Mmaasai, mfugaji wa Kakesio. Mama yake alipougua aliletwa hospitali Karatu, nikampokea kwangu mpaka akapata nafuu. Kwangu lilikuwa jambo la kawaida tu, mgonjwa hana kabila.

Saning'o hakulichukulia hivyo. Akanipa ndama jike, mwekundu, ana baka jeupe kwenye paji la uso.

Sasa kwa wenzetu mtu akikupa ndama jike, majina yenu mnayaweka pembeni. Mnaitana kwa ile zawadi: yeye ananiita Paashe, yaani wa kupeana ndama, na mimi namwita Paashe. Ndama akabaki kulekule kwa mama yake, maana zizi langu ni la mbuzi tu.

Wakuu, nilitamba! Mtoto wa mkulima nina ng'ombe Kakesio.

Kiangazi hiki nikapata lifti ya lori la mahindi, nikasema nikamwone ndama wangu. Nikabeba sukari na majani ya chai ya Yeyo. Yeyo ni mama kwa Kimaasai, na mimi nimezoea kumwita mama yake Saning'o hivyo.

Nimefika koo limekauka kwa vumbi. Saning'o hayupo, amepeleka mifugo mbali kutafuta maji. Ndama amelala kivulini, hata kichwa hakuinua. Nikadhani ni jua tu.

Nikaomba maji ya kunywa.

Yeyo akaingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na kibuyu cha maziwa. "Kunywa, mwanangu."

Nikanywa. Kibuyu cha Kimaasai hakioshwi kwa maji, kinasafishwa kwa kijinga cha moto, na ile harufu ya moshi kwenye maziwa haina mpinzani. Na sisi nyumbani tulilelewa kwamba ukibakiza cha mwenyeji umemtukana. Nikamaliza chote, nikakipindua aone.

"Yeyo, nyie maji hamyahitaji kabisa!"

Akacheka. Lori likapiga honi, nikaondoka nimeshiba.

Juzi Saning'o kaja mnadani Karatu. Nikamrukia na swali. "Paashe, ndama wetu anaendeleaje?"

Akaweka shuka vizuri begani.

"Alikufa."

Nikamuuliza ugonjwa gani. Akasema hakuna ugonjwa. "Mama yake alikauka maziwa. Ng'ombe asipokunywa, maziwa atatoa wapi? Alibaki ng'ombe mmoja tu anayekamuliwa, tena kidogo. Yeyo ndiye alikuwa anamnywesha yule ndama kwa kibuyu."



"Kibuyu kile nilichokunywa mimi?"

Akageuka kuangalia ng'ombe za watu. "Mgeni akifika anakunywa. Na ndama alishakuwa dhaifu, usijibebeshe lawama."

Hasira zikanipanda, sijui za nani. "Si mngenipa maji tu!"

"Maji gani, Paashe?"



Yale maziwa niliyoyasifia humu kumbe ni maji yaliyopita kwa ng'ombe. Ng'ombe akikosa, na wewe umekosa. Methane ya huko sayarini siijui, lakini huku kwetu mbadala sijauona.

Kinachoniuma zaidi ni ile adabu yetu. Yeyo aliona aibu kumwambia mgeni hakuna, na mimi niliona aibu kubakiza. Aliyeumia ni ndama ambaye hakuwa na habari na heshima zetu.

Kabla hatujaagana nikamuuliza sasa tutaitanaje, ndama mwenyewe hayupo. Akanishika mkono.

"Paashe," akasema. "Jina halinywi maji."

Kwa hiyo ukienda kwa mfugaji kiangazi, tanguliza dumu la maji, zawadi nyingine zifuate. Wa amonia na wa methane mwageni hoja zenu hapa chini, leo sibishani na mtu.

Nilimuuliza Saning'o pia kama Yeyo alifurahia ile chai. Akasema majani na sukari bado vimefungwa vilevile, vinasubiri mvua.