Nazaire Alipoacha Tambi za Penang

Nazaire hajawahi kukanyaga Malaysia. Ametoka Burundi akaenda kambini Tanzania, akatoka kambini akaja Texas, na safari zake zimeishia hapo. Lakini mwulize ni kibanda gani cha barabarani kinachokaanga tambi bora kule Penang, uone atakavyovuta kiti. Atakwambia umwepuke yule wa karibu na hekalu, maana anamwaga sosi nyingi ili kuficha uvivu wake. Atakwambia uende kwa mama wa pale feri, ufike mapema, na usimharakishe. Siku moja nilimwona akibishana na Mmalaysia halisi, mzaliwa wa mji huo huo, na Mmalaysia ndiye aliyeondoka akijikuna kichwa.

Elimu hii yote aliipata Carrollton, hapa hapa Texas, kwenye ukumbi wa chakula ndani ya supamaketi ya Waasia, kwa mzee mmoja wa Penang anayeitwa Lim. Nazaire hufua mashuka katika hoteli ya karibu, na mwaka 2018 njaa ilimwingiza mle baada ya zamu. Mzee Lim akamkaangia tambi bapa za mchele kwa moto mkali, pamoja na kamba wa baharini, mayai na chipukizi za choroko. Nazaire alikula bila kusema neno, jambo ambalo mkewe Marie-Rose hajawahi kulishuhudia. Tangu siku hiyo akawa anapitia pale kila atokapo kazini. Lim akawa anamsimulia vibanda vya kwao, kila kibanda na chakula chake kimoja tu, baba akimwachia mwana kikaango, na Nazaire anasikiliza kama mtu anayepewa habari za ukoo wake. Kiingereza chao ni kibovu kwa namna mbili tofauti. Walielewana vipi sijui, lakini walielewana.

Mimi ninamfahamu kutoka kwaya yetu ya Kiswahili. Ni mtu mwema sana, ila ana ugonjwa wa kutaka kuwa wa kwanza katika kila jambo, hata kusamehe. Sauti yake ya besi inawafunika wenzake wote, na ukimwambia apunguze, anaongeza.

Basi Jumatano ya Majivu mwaka 2020 jumuiya yetu ilikutana sebuleni kwake, na kama ilivyo desturi, kila mtu akatangaza atakachoacha mpaka Pasaka. Mimi niliacha soda, ambayo hata hivyo siipendi. Polycarpe, mwenyekiti wetu, akasimama, akaweka mkono kifuani, akasema anaacha bia. Watu wakapiga makofi mengi. Makofi hayo ndiyo yaliyomponza Nazaire.

"Mimi naacha tambi," akasema.

Hakuna aliyepiga makofi. Tulibaki tunamtazama.

"Baba Belyse," Marie-Rose akamwambia taratibu, "sema hata nyama. Nyama utaweza."

"Nimeshasema mbele ya Mungu na mbele ya jumuiya."

"Dad, it's just noodles," akasema binti yao Belyse bila kuinua macho kutoka kwenye simu. Baba yake alimtazama kwa jicho ambalo lilimfanya ahamie jikoni.

Wiki ya kwanza Nazaire hakuvumilika. Mazoezini aligombana na mpiga kinanda. Marie-Rose alinipigia simu kulalamika kwamba mumewe anauzungusha ugali sahanini, anasema hauna ladha ya moshi wa kikaango. Akitoka kazini alizunguka njia ndefu ili asipite karibu na supamaketi, na kwa kuzunguka huko alipotea zaidi ya mara moja.

Wakati huo huo habari za ugonjwa mpya zilikuwa zimeenea, na watu wasionawa mikono wakitoka msalani wakaamua kwamba kinga ni kuyakwepa maduka ya Waasia. Mimi ni nesi, na ujinga ule ulinichemsha damu. Nilipoenda kununua mchele nikakuta ukumbi wa chakula mtupu. Mzee Lim alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, mikono ameikunja, kikaango kimepoa.

"Rafiki yako haji tena," akaniambia. "Na yeye anaogopa?"

Nikamweleza habari za Kwaresima, kufunga, na ahadi. Akaitikia kwa kichwa, kwa upole, vile tunavyopokea kisingizio cha mtu tusiyetaka kumwaibisha.

"Sawa," akasema. "Msalimie. Mwambie simlaumu."

Niliumia mpaka nikasahau mchele. Nikampigia Nazaire nikiwa bado kwenye maegesho, nikamweleza yote.

"Yule mzee anadhani nimemkimbia? Mimi?"

"Ndivyo anavyodhani. Mzee Nazaire, nenda tu Jumapili ukale. Jumapili hazihesabiwi kwenye Kwaresima, hata father anajua."

"Dada Wawira, hiyo ni ujanja ya mawakili. Nilisema mpaka Pasaka. Sikusema isipokuwa Jumapili." Halafu akasema, "Ngoja. Nina plan."

Plan yenyewe ilikuwa kutubeba jumuiya nzima Jumapili baada ya misa na kutumwaga mbele ya Lim. Mzee hakuamini macho yake. Moto ukawaka, sahani zikaanza kutoka. Polycarpe alivijaribu vijiti, akavikasirikia, akaviweka mfukoni, akaomba uma. Marie-Rose aliulizia pilipili, akaonywa kwamba ni kali, akacheka, akaionja, akaacha kucheka. Nazaire alizunguka meza zote na chupa ya maji mkononi kama msimamizi wa harusi, akieleza kila kilichomo sahanini huku akimeza mate.

Lim alipika kwa furaha mpaka alipomwona Nazaire vizuri. Akapunguza moto.

"Wenzako wanakula," akamwambia. "Wewe unakunywa maji."

"Nimemuahidi Mungu, uncle. Mpaka Pasaka."

"Ndiyo, nimeambiwa." Lim akaitazama ile chupa. "Na maji umekuja nayo kutoka kwako."

Nazaire akaitazama na yeye. Uma zikatulia mezani. Nilimwonea huruma, na nilimwonea huruma Lim zaidi, maana alikuwa ameshaanza kupangusa kaunta isiyokuwa na uchafu.

Nazaire akaitupa chupa kwenye pipa la takataka. Akavuta kiti mpaka mbele ya kaunta, akaketi.

"Nipikie, uncle. Weka kamba wengi."

"Mzee Nazaire!" Polycarpe akaruka, tambi ikining'inia kidevuni. "Kwaresima! Sote tulikusikia!"

Nazaire hakugeuka. Sahani ilipofika akafanya ishara ya msalaba, akajaza mdomo, akatafuna, akameza, ndipo akamjibu.

"Chairman, Mungu anajua kwa nini nilikuwa siji. Huyu alikuwa hajui."

Polycarpe akakaa. Mimi nililia pale pale, sikuona haya. Lim alizima moto, akaizunguka kaunta, akaketi kando ya Nazaire na kumtazama akila mpaka sahani ikawa nyeupe.

"Umekonda," akamwambia.